Xi'an: Ukuta Una Tarehe, Bakuli Je?

Wanafunzi arobaini wameketi kwenye meza za duara, ghorofa ya pili ya mkahawa wa Waislamu, hatua chache kutoka Mnara wa Ngoma, mjini Xi'an, China. Mbele ya kila mmoja kuna bakuli kubwa tupu na mikate miwili mikavu ya mviringo, minene kiasi. Supu haijaletwa, wala nyama. Mhudumu ameonyesha kwa vidole kinachotakiwa: mmege, vipande vidogo vidogo. Wengine wanamega kwa utulivu, wengine wanapasua vipande vya ukubwa wa kidole gumba wamalize mapema. Mwongozaji ametazama saa mara mbili. Basi linasubiri, na saa nane wanatakiwa wawe juu ya ukuta wa mji.

Ili kujaza muda, anachukua kipaza sauti na kuwaambia kwamba chakula hiki, mkate wa kumega ndani ya supu ya kondoo, kina zaidi ya miaka elfu moja.

Wanafunzi wanaandika.

Hilo la kuandika ndilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Nusu saa kabla, daftari hizohizo ziliandikwa "Mnara wa Ngoma, 1380". Kwenye jiwe tunadai mwaka kamili. Kwenye bakuli mtu akisema "zamani sana", tunaitikia na kuendelea kula.

## Mji wenye tarehe mbilimbili

Xi'an ni mji mgumu kuudanganya. Karibu kila jengo lake lina tarehe, na mengi yana tarehe mbili.

Mnara wa Kengele ni wa 1384, lakini haukujengwa hapo ulipo. Mwaka 1582 ulihamishwa kama kilomita moja kwenda mashariki kwa sababu kitovu cha mji kilikuwa kimesogea. Ukuta unaozunguka mji wa kale, wenye urefu wa kilomita 13.74, ulijengwa kati ya 1370 na 1378, mwanzoni mwa Enzi ya Ming. Lakini upande wa kusini na wa magharibi unafuata msingi wa ukuta mkongwe zaidi, ule wa eneo la kifalme la Enzi ya Tang (618–907). Pagoda Kubwa ya Bata-bukini, mnara wa hekalu la Kibudha, ni ya 652, ikajengwa upya kati ya 701 na 704. Pagoda Ndogo ilimalizika 709 ikiwa na ghorofa 15. Leo zimebaki 13, kwa kuwa kilele kiliporomoka katika tetemeko kubwa la Januari 1556.

Msikiti Mkuu nao, kwa mapokeo, ulianzishwa 742. Majengo yanayoonekana kwa macho ni ya Ming na baada yake, kuanzia 1392.

Mwalimu anayeijua kazi yake huwafundisha wanafunzi kuuliza: kipi ni cha asili, kipi kimeongezwa, kipi kimehamishwa? Maswali mazuri. Tatizo ni kwamba yanaachwa mlangoni mwa mkahawa.

## Sahani moja, mabara mawili

Chukua sahani ya biangbiang, tambi pana za Mkoa wa Shaanxi. Upana wake ni vidole viwili hadi vitatu, na uzi mmoja unaweza kufika mita. Juu yake huwekwa pilipili ya unga, kitunguu saumu na majani ya vitunguu, kisha humwagiwa mafuta yanayotoa moshi. Harufu inapanda, sahani inang'aa nyekundu, na mtu yeyote angeapa kwamba hiki ndicho walichokula watu wa Tang.

Sasa ipe sahani hiyo maswali ya ukuta.

Ngano si zao la asili la China. Ilitoka Asia Magharibi na kufika huko zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kwa muda mrefu watu wa bonde la Mto Wei, ambamo ndimo mji huu ulimo, waliendelea kutegemea nafaka ndogo jamii ya mawele, na ngano ilipoliwa mara nyingi ilichemshwa punje kwa punje. Kuisaga unga na kuipika kwa namna nyingi kulishika kasi katika Enzi ya Han, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na kufikia Tang mikate yenye ufuta ya mtindo wa watu wa Asia ya Kati ilikuwa ikiuzwa mitaani Chang'an, jina la mji huu wakati huo. Kitunguu saumu nacho kina asili Asia ya Kati.

Na pilipili? Ilitoka Amerika. Maandishi ya kwanza yanayoitaja nchini China ni ya mwisho wa karne ya 16, na ilichukua muda zaidi, mpaka ndani ya Enzi ya Qing (1644–1912), kuingia jikoni kama kiungo cha kila siku.

Maana yake wekundu wa sahani ile ni mdogo kwa umri kuliko ukuta, kwa karne mbili na zaidi.

Msomaji wa pwani yetu hana sababu ya kushangaa. Pilipili hiyohiyo, pamoja na mahindi na muhogo, ilitufikia kutoka Amerika baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi, na hakuna anayesonga ugali huku akifikiria Mexico.

## Je, ni kumharibia mtoto chakula?

Hapa ndipo shaka ilipo, na si ndogo. Mwanafunzi ametembea tangu asubuhi, ana njaa, na mtu anataka kumpa somo la tarehe za pilipili. Pengine maneno ya mwongozaji, "miaka elfu", hayamdhuru mtu. Pengine ni kitoweo tu.

Shaka ya pili ni nzito zaidi. Wapishi wa mtaa huu wengi ni Wahui, Waislamu wa China, ambao familia zao zimeishi kuzunguka misikiti hii kwa vizazi vingi. Mgeni anayekuja kuwaeleza kwamba chakula chao si cha kale kama wanavyotangaza anaweza kuonekana mjuaji asiye na adabu.

Nimegeuka msimamo kwa sababu moja. Kauli ya "miaka elfu" ndiyo inayomfuta mpishi. Inakifanya chakula kionekane kama kimeshuka kilivyo, kikabaki kilivyo, na mpishi ni mlinzi wa mlango tu. Ukisema kwamba ngano ilitoka magharibi, kondoo wakaja na wafugaji, pilipili ikaja kwa meli, ndipo linapobaki swali lenye heshima: nani aliviweka pamoja hivi, na kwa ustadi gani?

Ustadi huo unaonekana vizuri zaidi kwenye bakuli la mikate ya kumega.

## Mikate miwili na subira

Yangrou paomo ni supu ya kondoo yenye mkate uliomegwa. Ipo pia ya ng'ombe, niurou paomo. Mkate wake hutengenezwa kwa sehemu tisa za unga usio na chachu na sehemu moja ya kinyunga kilichoumuka. Ndiyo sababu ni mgumu, na ugumu huo una kazi: mkate laini wa kawaida ungeyeyuka kwenye supu kabla ya kufika mezani.

Kipande kinatakiwa kiwe na ukubwa wa punje ya soya. Kikiwa kikubwa, supu haifiki katikati, na mlaji anatafuna unga mkavu ndani ya supu ya moto. Kikiwa kama chenga, bakuli linageuka uji. Pia kipande kimegwe, kisikatwe kwa kisu. Pale palipomegwa huwa na mikwaruzo na vitundu vinavyonyonya supu. Palipokatwa huwa laini, na supu huteleza. Baadhi ya mikahawa siku hizi ina mashine ya kukata, na wateja wenye haraka huichagua. Kwa kundi la wanafunzi, ikatae.

Namna ya kumega: upasue mkate katikati kwa unene wake, upate sahani mbili nyembamba. Kila moja uigawe robo. Kisha chana robo hizo kwa ncha za vidole, kidole gumba kikisukuma na cha shahada kikishikilia. Asiyezoea hutumia dakika 20 hadi 30 kwa mikate miwili. Mtoto wa darasa la sita anatosheka na mkate mmoja, na nusu ya muda.

Wakishamaliza, kila bakuli hupewa namba na kurudishwa jikoni, ili lirudi kwa mwenyewe. Hapo mpishi analitazama. Ukubwa wa vipande unamwambia atumie moto gani na kwa muda gani, na mteja anakuwa ameshasema anataka supu kiasi gani. Upo mtindo wa karibu kavu, ambapo mkate umekunywa supu yote. Upo wa katikati, ambao mwishoni mwa kula hubaki funda moja tu chini ya bakuli. Upo wenye supu nyingi, mkate ukiwa kilima katikati na supu kuuzunguka kama handaki la maji. Na upo wa kula supu na mkate mbalimbali. Kwa mara ya kwanza agiza wa katikati.

Supu yenyewe ni mifupa ya kondoo na ya ng'ombe iliyochemshwa usiku kucha pamoja na viungo. Juu huwekwa vipande vya nyama, tambi nyembamba za wanga na majani ya vitunguu. Pembeni huja vitu viwili visivyopaswa kusahauliwa: vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari, vya kukata mafuta mdomoni, na pilipili ya kusaga.

Usikoroge. Wenyeji huanza pembeni na kuingia ndani taratibu, kwa vijiti, ili katikati ibaki na joto mpaka mwisho. Mgeni akishaweka pilipili hukoroga yote kama chai, na baada ya dakika tano ana bakuli la mkate uliolowa.

Kuhusu umri wake: hadithi inayosimuliwa sana ni ya Zhao Kuangyin, aliyeanzisha Enzi ya Song mwaka 960. Kabla hajawa mfalme, eti alikuwa fukara mwenye mkate mkavu, akaomba supu ya kondoo kwa mchuuzi aulainishe. Ni hadithi tamu na isimuliwe, ila kwa jina lake: hadithi. Kinachoshikika ni mikahawa. Lao Sun Jia, mmojawapo wa maarufu mjini, unajihesabia mwaka 1898.

Mwanafunzi anaweza kuandika vyote viwili, mradi ajue kipi ni kipi.

## Hesabu inayovuruga ratiba

Sasa tuje kwenye kinachovuruga safari nyingi.

Paomo hupikwa bakuli moja moja. Kila bakuli linamiminwa kwenye karai lake, linachemka na supu yake, linarudi bakulini. Tuseme kila moja linachukua dakika tatu na jiko lina makarai mawili ya kazi hiyo. Mabakuli arobaini ni dakika 60. Ongeza nusu saa ya kumega na nusu ya kula, unapata saa mbili. Ratiba nyingi za safari za shule hutenga saa moja ya chakula cha mchana, kisha mwalimu anashangaa kwa nini meza moja imemaliza na nyingine haijaona supu.

Dawa ni kuacha kufika wote kwa pamoja. Gawa kundi mara mbili. Nusu ya kwanza iingie saa tano asubuhi, wakati jiko bado lina nafasi, na nusu nyingine iwe Mnara wa Ngoma. Baada ya saa moja na nusu wabadilishane. Mkahawa ujulishwe siku moja kabla: idadi, kondoo au ng'ombe, mkate mmoja au miwili. Na kumega kuandikwe kwenye ratiba kama kipindi, kwa jina lake, maana kisipoandikwa ndicho cha kwanza kukatwa basi likichelewa.

Nusu saa ile ya mikono yenye kazi na mdomo usio na chakula ni nafasi ambayo mwalimu haipati tena siku nzima. Hawawezi kukimbia na simu hazishikiki kwa vidole vyenye unga. Hapo ndipo pa kuuliza ngano ilitoka wapi.

## Msikiti uje kwanza

Msikiti Mkuu uko ndani ya uchochoro wa Huajue, nyuma ya maduka. Ukiwa umezoea misikiti yetu ya pwani utaupita bila kujua. Hauna kuba. Mnara wake ni jengo la mbao la pembe nane lenye paa lililopinda kama la hekalu, na vigae vya jumba la sala ni vya buluu. Nyua zake zinafuatana kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa kuwa kibla kutoka Xi'an ni magharibi. Majengo makuu ya Kichina kwa desturi huelekea kusini. Mpe mwanafunzi dira mlangoni, na umwache agundue mwenyewe nini kimegeuka.

Jumba la sala ni la wanaokwenda kusali; wageni wengine huishia nje ya mlango wake. Wanafunzi Waislamu wanaotaka kusali adhuhuri wataoneshwa mahali pa udhu, na salamu ya kawaida ya Kiislamu inaeleweka na kujibiwa. Mabega na magoti yafunikwe.

Sababu ya kuja hapa kabla ya kula ni rahisi: bila msikiti, mtaa wa chakula unabaki soko la vitafunio tu. Ukishauona, unaelewa kwa nini hapa ni kondoo na ng'ombe, kwa nini mabango yana maandishi ya Kiarabu, na kwa nini pombe haionekani.

Nje ya mtaa huo mambo hubadilika, na mwalimu anayesafiri na watoto Waislamu anapaswa kuyajua kwa undani. Roujiamo, mkate uliojazwa nyama iliyokatwakatwa, ndani ya mtaa wa Wahui hujazwa ng'ombe. Ule unaouzwa mjini kwingine, ambao ndio wa kawaida zaidi, ni nguruwe aliyepikwa kwenye mchuzi wa viungo. Kwa nje mikate inafanana. Hulutou nayo huonekana kama paomo kabisa, na mkate wake humegwa vilevile, ila ni utumbo wa nguruwe. Tafuta bango la qingzhen, 清真, lenye maana ya halali, mara nyingi likiwa la kijani. Usitegemee picha.

Kuna pia kinywaji cheupe, kitamu, chenye maua makavu ya dhahabu juu yake, kinachouzwa cha moto kwenye mikahawa ya mjini. Mtoto atadhani ni maziwa ya mchele. Kina kilevi, kidogo lakini kipo. Suanmeitang, maji ya matunda makavu yenye uchachu, ndiyo salama kwa wote.

Wenye mzio wa karanga, ufuta au jozi waangaliwe karibu na maandazi ya kukaanga ya persimoni, tunda tamu la rangi ya chungwa, kwa sababu kujazwa kwake hubadilika kutoka kibanda hadi kibanda. Zenggao, mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke pamoja na kunazi na maharage, huuzwa asubuhi. Ukienda jioni utakuta sufuria tupu au kilichobaki tangu alfajiri.

Mtaa mkuu wa Beiyuanmen ni wa kupita na kutazama. Kula nenda Dapiyuan au Sajinqiao, ambako wateja wengi ni wa mtaani. Uchochoro ni mwembamba na pikipiki za umeme hazina sauti: tembeeni kwa mstari mmoja, mwalimu mbele na mwingine nyuma.

## Ukuta unaokataa hesabu

Juu ya ukuta kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote ya mji huu.

Ukuta una buruji 98 zinazochomoza nje, na maelezo ya kawaida husema zimeachana mita 120. Sababu ni mshale: upinde ulitegemewa hadi mita 60, hivyo walinzi wa buruji mbili zinazofuatana walikutanisha mishale yao katikati, na adui aliyefika chini ya ukuta hakuwa na pa kujificha.

Waambie wanafunzi wagawe 13,740 kwa 98.

Jibu ni kama 140. Si 120.

Waache wabishane. Kuna atakayesema kibao kimekosea, na atakayesema ukuta haujapimwa vizuri. Kisha wasimame kwenye buruji moja na kuipima kwa hatua: upana wake ni kama mita 20. Nafasi ya mita 120, na buruji ya mita 20, ndiyo 140 yao. Kibao kinasema kweli na hesabu yao pia. Walikuwa wanapima vitu viwili tofauti.

Mtoto aliyepita hapo akirudi mezani hasemi tena "miaka elfu" bila kuuliza elfu ya nini: ya ngano, ya supu, au ya pilipili?

Baiskeli hukodiwa juu ya ukuta kwenye malango makuu. Mzunguko mzima ni saa moja na nusu hadi mbili kwa mtu mzima, na matofali yanatikisa mikono vibaya. Kwa darasa, nusu mzunguko inatosha. Wadogo wapande za watu wawili, mkubwa mbele. Kivuli hakipo isipokuwa kwenye majumba ya malango, kwa hiyo Julai na Agosti mpande asubuhi na mapema au jioni. Maji yabebwe kutoka chini.

## Somo la unga

Kama shule inaweza kupata jiko la kufundishia, tambi za biangbiang zinawezekana kwa wanafunzi. Kwa kila meza ya watu wanne: unga wa ngano gramu 500, maji mililita 250, chumvi kijiko kimoja cha chai. Chumvi hukaza unga usikatike unapovutwa.

Ukande mpaka ulainike, uufunike nusu saa, uukande tena kidogo. Ugawe vipande vinane, uvipake mafuta, uvifunike kwa saa moja au zaidi. Saa hiyo ndiyo ya kutembelea sehemu nyingine, maana unga haumhitaji mtu. Kisha bapaza kila kipande upana wa vidole vinne, kandamiza mstari katikati kwa kijiti, shika ncha mbili, vuta huku ukipigapiga mezani. Ukishafika urefu wa mikono, chana kwenye ule mstari, upate kitanzi kimoja kirefu. Chemsha dakika mbili hivi.

Ukivuta na unga ukarudi nyuma, haujapumzika. Ufunike tena dakika 20, usishindane nao. Ukikatika, maji ni kidogo. Ukinata, mafuta hayakutosha.

Mafuta ya mwisho ni kazi ya mtu mzima peke yake. Weka pilipili na kitunguu saumu juu ya tambi, pasha vijiko vitatu vikubwa vya mafuta mpaka moshi uanze, uyaondoe motoni, uhesabu mpaka kumi, umwage. Yakiwa ya moto kupita kiasi pilipili inaungua na kuwa nyeusi na chungu. Yakiwa vuguvugu hakuna mlio wala harufu, na sahani inabaki na ladha ya pilipili mbichi.

Meza moja ipikwe bila pilipili, kwa tangawizi na huajiao, kiungo cha asili cha China kinachofanya ulimi ufe ganzi. Hapo wanafunzi wanakaribia ladha ya kabla ya pilipili kuvuka bahari. Wengi wataomba ile nyekundu, na ni haki yao.

## Askari alikula nini?

Siku ya Lintong, kama kilomita 40 mashariki ya mji, ndiyo inayotarajiwa na wote. Mashimo ya askari wa udongo, jeshi la sanamu lililozikwa karibu na kaburi la mfalme Qin Shi Huang, yaligunduliwa Machi 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima, na jumba lilifunguliwa Oktoba 1, 1979. Shimo la kwanza lina urefu wa mita 230 na upana wa 62. Waanze na la tatu na la pili, wamalizie na la kwanza. Ukianza na kubwa, mengine mawili hayatazamwi tena.

Waelezwe kuhusu rangi. Askari hawa walipakwa rangi kali juu ya tabaka la laki, utomvu wa mti unaopakwa kama vanishi. Wakitolewa udongoni, laki inakauka na kujikunja ndani ya dakika chache, na rangi inaondoka nayo. Tunachokiona kijivu ni matokeo ya kufukuliwa.

Kisha swali: huyu aliyesimama hapa, enzi ya mfalme aliyefariki 210 K.K., angeitambua sahani ya tambi mliyokula jana? Pilipili hapana. Tambi pana za ngano pia, kwa kadiri tunavyojua, hapana. Chakula chake cha kila siku kilikuwa nafaka ndogo, iliyochemshwa au kupikwa kwa mvuke.

Mabango ya mikahawa njiani yatawaambia vingine. Msiyajibu hapohapo. Mkirudi mjini, basi lisimame Banpo, kijiji cha kale chenye zaidi ya miaka 6,000 kilichofukuliwa kuanzia miaka ya 1950. Humo imepatikana nafaka yenyewe, jamii ya mawele, ndani ya chombo cha udongo. Baada ya umati wa Lintong, Banpo ni kimya na huzungukwa kwa saa moja. Shule nyingi hupaacha, na kwa maoni yangu ndipo siku ile inapokamilika.

## Tiketi na majira

Tangu mwaka 2016, wizara ya elimu ya China na idara nyingine kumi ziliposukuma safari za masomo kwa shule za msingi na sekondari, makundi ya kofia za rangi moja yamekuwa mengi sana kwenye maeneo haya. Tiketi za askari wa udongo hununuliwa kwa jina na namba ya pasipoti ya kila mwanafunzi, na herufi moja ikikosewa foleni nzima inasimama. Kaa na orodha iliyonakiliwa kutoka kwenye pasipoti zenyewe, maana majina ya kwenye rejesta ya shule mara nyingi hupangwa vingine.

Makumbusho ya Historia ya Shaanxi hufungwa Jumatatu, na nafasi zake za bure huisha haraka. Mkizikosa, nendeni Makumbusho ya Xi'an, ambayo uwanja wake ndio wenye Pagoda Ndogo. Huko kuna nafasi ya kukaa chini na kuchora.

Epukeni Mei 1 na wiki ya Oktoba 1 hadi 7, nchi nzima inaposafiri. Lintong ni maarufu kwa komamanga, tunda ambalo kwa mapokeo liliingia China kutoka magharibi enzi ya Han, na kwa persimoni, ambayo ni ya China kwenyewe. Wiki ya tatu ya Oktoba yote mawili huwa sokoni, joto limepungua, na foleni za sikukuu zimekwisha.